Kijani Kisichopauka

Asha, siku mliyoniaga pale karakana uliniomba niwaandikie rangi zote ninazozijua, zipi zinakaa kwenye sabuni na zipi zinakimbia. Huu ni mwezi wa pili niko nyumbani Ujiji, mikono haina kazi, na meza yangu sasa ni yako, kwa hiyo nimeona nikae niandike. Lakini siwezi kuandika habari za rangi nikairuka ya kijani, na ya kijani sijawahi kumsimulia yeyote kati yenu. Mlichojua ni kwamba mtu akitaja rangi ya sakafu mbele yangu mimi hutoka nje. Wengine mlidhani ni uzee.

Nilianza kazi nikiwa na miaka kumi na tisa. Karakana wakati huo ilikuwa ghala la mawese la Mzee Kitwana, kwenye barabara ya kushuka ziwani. Mzee Kitwana hakuwa mtu wa sabuni. Alikuwa mfanyabiashara wa mawese ambaye kila msimu alibakiwa na madumu yaliyochacha, akaona afadhali yageuzwe sabuni kuliko kumwagwa. Aliyejua kazi yenyewe alikuwa Mama Domitila, mama wa Kirundi aliyekuwa akiishi Simbo na wanawe, mrefu, mkimya, mwenye kufunga kitambaa cha kichwa kwa kukaza mpaka nyusi zinapanda juu. Alikuja nchini akiwa msichana na mzigo mmoja kichwani. Sabuni alijifunza kwa mama yake.

Siku yangu ya kwanza hakuniruhusu kugusa kitu mpaka saa sita. Alinisimamisha mlangoni nitazame. Kisha akaniita.

"Kostiki inatiwa kwenye maji," akasema, akinionyesha kopo la magadi makali yanayogeuza mafuta kuwa sabuni. "Maji hayatiwi kwenye kostiki. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

"Sema wewe."

Nikasema. Akanifanya niseme mara kumi kama mtoto wa chekechea. "Ukigeuza inaruka," akasema. "Na kostiki haina macho, ndiyo maana inatafuta ya kwako." Halafu akachukua kipande cha sabuni kwenye rafu akaniambia niguse kwa ncha ya ulimi. Nilishtuka kama nimeshika waya wa umeme. Akakirudisha kwenye rafu. "Hiyo bado," akasema. Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yangu yote ya kupima sabuni iliyokomaa, na mpaka leo sijaona kipimo kinachoyashinda, ingawa sikumpenda sana siku ile.

Sabuni yetu haikuchemshwa. Hata mlio wapya mnaijua, lakini niandike tu. Mawese na mafuta ya mise, yale ya kokwa za mchikichi, yanapashwa moto kidogo, maji ya kostiki yanaachwa yapoe, vinachanganywa na kukorogwa mpaka uji ukaze na mwiko uache alama juu yake. Hapo ndipo rangi inapoingia. Unamwaga kwenye kasha la mbao, unafunika kwa magunia, kesho yake unakata, halafu vipande vinakaa kwenye rafu wiki sita. Katika wiki hizo sita ndipo rangi inapokuonyesha tabia yake.

Rangi ya kwanza ilikuwa ya mawese yenyewe, ile ya chungwa kama kiini cha yai la kienyeji. Wageni wanaipenda. Hawajui kwamba jua linaila. Kipande kikikaa wiki tatu dirishani, upande ulioelekea nje unakuwa mweupe kama umelambwa. Mama Domitila alikuwa akigeuza vipande vyote kila Jumatatu, kimoja kimoja, na madirisha aliyaziba kwa maboksi. Mimi nilitaka rangi nyingine. Nilikuwa kijana, nikadhani kila kinachopendeza sokoni kitapendeza kwenye kasha.

Manjano, ile ya mchuzi, iligeuka nyekundu kama damu mara tu ilipokutana na kostiki, nikakimbia kumwita Mama Domitila nikidhani nimeharibu. Ikarudi njano, ikatupendeza, ikaanza kufifia kabla wiki sita hazijaisha. Rozela, ile ya juisi, ilitoka na rangi ya maji ya kuoshea sufuria. Kiazisukari vilevile. Rangi za keki tulizonunua mjini zilibadilika mbele ya macho yetu: bluu ikawa zambarau, zambarau ikawa kijivu, na waridi ikapotea kabisa kama haikuwahi kutiwa. Unga wa majani ya mlonge ulikuwa kijani kizuri siku moja. Baada ya wiki ulikuwa na rangi ya kinyesi cha mbuzi, samahani, lakini ndivyo ulivyokuwa.

Zilizokaa ni hizi. Mzingifuri, zile mbegu nyekundu ambazo watoto wanajipaka midomoni: usizisage, ziloweke kwenye mafuta ya moto, zichuje, mafuta hayo ndiyo utumie, yanatoa njano ya kuelekea chungwa. Mkaa uliosagwa na kuchujwa kwa kitambaa cha kanga iliyochakaa. Unga wa kahawa. Na udongo mwekundu wa Simbo, aliouleta Mama Domitila kutoka nyuma ya shamba lake. Tuliuosha mara tatu, tukauanika, tukaukaanga kwenye sufuria kavu, tukauchekecha. Udongo ule haujawahi kubadilika. Niliwahi kukuta kipande cha miaka mingi nyuma ya rafu, kimepinda na kukauka kama mfupa, rangi ni ileile.

Jinsi ya kujua nilijifunza mwenyewe, na nilijivunia. Kila rangi mpya nilitengeneza vipande viwili. Kimoja niliweka dirishani juani, kingine kwenye sanduku lenye giza. Baada ya wiki sita niliviweka pamoja juu ya karatasi nyeupe. Vikifanana, rangi imepita. Mzee Kitwana akanipa usimamizi wa karakana, akaanza kuniita mtaalamu mbele ya wateja. Nilipenda kuitwa hivyo kuliko nilivyopaswa kupenda.

Nilikuwa na miaka thelathini na kitu Bwana Haruni alipokuja. Alikuwa na maduka mjini na wateja wa ng'ambo ya ziwa, na alitaka sabuni ya mwarobaini. Hiyo tulikuwa nayo. Tulisaga majani makavu, tukayatia kwenye uji, na sabuni ikatoka kahawia.

Akaigeuza mkononi. "Hii ni mwarobaini?"

"Ndiyo," nikasema.

"Mwarobaini ni mti wa kijani, Bi Tausi. Watu watasema majani yameoza."

"Majani yote yanakuwa hivyo yakikutana na kostiki."

"Mimi sijui mambo ya kostiki. Nitengenezee ya kijani, na isipauke dukani. Ukishindwa niambie, nitatafuta wengine."

Alipoondoka Mama Domitila alikuwa anakata sabuni kwa waya. Hakuinua kichwa. "Mwambie ukweli tu," akasema. "Mwarobaini ya kweli ni kahawia. Anayetaka atanunua."

"Hatanunua, Mama. Watu wananunua kwa macho."

"Ego," akasema, ndiyo hiyo ya kwao. "Lakini wanaoga kwa ngozi."

Nilijaribu majani ya kila namna. Yote yalikwenda kahawia. Kisha siku moja nikamtembelea shangazi yangu mtaa wa Mwanga, nikamkuta anafua barazani. Baraza lake lilikuwa la saruji ya kijani, na kwa kadiri nilivyokumbuka alikuwa akifulia hapo tangu mimi ni mtoto, anamwaga povu, anamwaga dawa ya kung'arisha nguo, na jua la mchana linapiga. Kijani hakikusogea. Nilisimama pale nikihisi nimeokota kitu. Saruji inachoma kama kostiki, kila fundi anajua. Rangi inayovumilia saruji itavumilia sabuni.

Kesho yake nilikwenda duka la vifaa vya ujenzi nikanunua mfuko wa unga wa rangi ya sakafu.

Ilikaa. Niwaambieni tu kwamba katika maisha yangu yote sijaona rangi iliyokaa kama ile. Wiki sita zilipoisha nilimwita Mama Domitila, nikaweka kipande cha dirishani na kipande cha sandukuni juu ya karatasi, nikamwambia achague kipi kilikuwa wapi. Akashindwa.

"Umeipima kwa jua," akasema. "Kwa ngozi umeipima?"

"Nimenawia wiki nzima. Tazama." Nikamwonyesha mikono yangu, laini, haina hata alama.

Akaitazama. "Haya," akasema, akaenda kuchukua waya wake. Alikuwa mtu mzima aliyelelewa kutobishana na mwenye cheo, na mimi wakati ule nilikuwa na cheo.

Bwana Haruni alifurahi. Miezi ikapita, karakana ilikuwa na kijani kila rafu, na Mzee Kitwana akaongeza wanawake wawili. Mama Domitila ndiye aliyekata na kusafisha kingo za kila kipande, mikono mitupu, maana glavu za wakati ule zilichanika kwa siku moja. Nikaanza kumwona anakuja na vitambaa vidoleni. Nilipomuuliza alisema amejikata akimenya mihogo. Nilimwamini kwa sababu ilikuwa rahisi kumwamini.

Mchana mmoja alikuja mwanamke kijana kutoka Katonga, kijiji cha wavuvi. Alikuwa mwanikaji wa dagaa, harufu ilimtangulia, na mgongoni alikuwa na mtoto aliyefungwa kwa kitenge. Mama Domitila alikuwa ghalani nyuma akipima mafuta. Nilikuwa peke yangu mbele.

"Hodi hapa. Natafuta wanaotengeneza hii." Akafungua nailoni, ndani mna kipande chetu cha kijani, kimebaki nusu.

"Ni sisi. Karibu."

"Naitwa Mama Riziki. Nina shida, dada." Akamshusha mtoto akamfunua. Riziki alikuwa na miezi mitano. Shingoni, kwapani na mapajani ngozi ilikuwa imetoka, nyekundu, ina majimaji, sehemu nyingine imeshaanza kuwa na utando wa njano. Hakulia. Alikuwa amechoka kulia.

"Alianza na vipele vya joto tu," mama yake akasema. "Jirani akaniambia mwogeshe kwa mwarobaini, ni dawa. Nikamwogesha asubuhi na jioni. Vikazidi. Wakasema dawa inatoa uchafu kwanza, nisiache. Sasa namwogesha mara tatu. Nimekuja kuuliza, niongeze au nipunguze?"

Nilielewa. Sitawadanganya kwamba sikuelewa. Nilielewa wakati uleule, hata vitambaa vya vidoleni mwa Mama Domitila nilivielewa, vyote kwa pamoja. Na mdomo wangu ukasema, "Maji mnachota wapi?"

"Ziwani."

"Basi huenda ni maji. Yachemshe kwanza, yapoe, ndiyo umwogeshe."

Akaniamini. Nilikuwa nimevaa aproni nyeupe. Alipokuwa anamfunga mtoto mgongoni nikachukua kipande kipya kwenye rafu nikampa, bure, kwa sababu nilitaka aondoke akiwa ameridhika. Alinishukuru. Alishika mkono wangu kwa mikono yake miwili.

Mama Domitila alitoka ghalani yule mama akiwa ameshatupa mgongo. "Huyo nani?" Nikamweleza, nusu nusu. Akasimama akisikiliza, kisha akaanza kufungua vitambaa vyake, kimoja kimoja. Vidole vilikuwa vimepasuka kila kiungo, mipasuko mirefu yenye damu kavu, na viganja vimekuwa vigumu kama gamba la mhogo.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu mwezi wa tatu wa hiyo kijani."

"Mbona hukusema?"

"Nimesema. Niliuliza kuhusu ngozi ukanionyesha ya kwako." Akaanza kuvifunga tena. "Twende Katonga, mwana wanje," akasema, mwanangu kwa Kirundi. "Sasa hivi."

Nikasema kesho. Kulikuwa na uji kwenye pipa, haujakaza, na ukiuacha unaharibika. Kesho yake Bwana Haruni alikuwa anakuja kuchukua mzigo na hapakuwa na mwingine wa kumkabidhi. Mama Domitila hakujua nyumba wala sura ya yule mama. Mimi ndiye niliyemwona. Tulikwenda siku ya tatu.

Mwaloni Katonga, pale boti zinapofikia, tuliuliza kwa wanawake waliokuwa wakigeuza dagaa kwenye vichanja. Wakatuambia Mama Riziki amepelekwa hospitali na mtoto jana. Tukaenda. Tulimkuta amekaa kwenye benchi la nje, kitenge cha kumbebea mtoto kimekunjwa mapajani. Mtoto alikuwa ndani na sindano ya maji. Alifariki siku iliyofuata, mchana. Daktari aliandika kwamba vidonda viliingia usaha, usaha ukaingia kwenye damu. Hakuandika sabuni. Hakuna aliyemtajia sabuni, hata sisi tuliofika pale.

Siku ya tatu ya matanga nilirudi Katonga na Mama Domitila. Nilimwomba Mama Riziki tuzungumze pembeni. Nikamwambia kila kitu: kwamba kijani kile si majani, kwamba ni unga wanaochanganya na saruji, kwamba nilikinunua mimi na kukitia mimi. Alisikiliza akiwa ameshika ncha ya kanga.

"Siku nilipokuja ulikuwa unajua?" akauliza.

"Nilishajua."

"Ukanipa kingine."

"Ndiyo."

Alimwita mama mkwe wake alete ile sabuni iliyobaki. Akaniwekea mkononi, imelowa bado. "Ondoka nayo," akasema, akarudi ndani kwa wenzake. Mpaka leo Katonga wanamwita Mama Riziki. Alipata watoto wengine lakini jina halikubadilika.

Mzee Kitwana nilipomweleza alikaa chini, akaniambia tusitishe na tusiongee. Tulizunguka madukani kukusanya tulichoweza, tukachimba shimo refu nyuma ya karakana, mbali na kisima, Mama Domitila akisimamia kina chake. Ndipo mnapoona hapajengwi. Bwana Haruni alikataa kurudisha ya kwake. "Ni mtoto mmoja wa Katonga," akasema. "Watoto wanakufa kila siku." Makasha yake yaliondoka na boti. Yaliishia wapi, yalimwogesha nani, sijui. Mimi sikushtakiwa. Hakuna aliyekuja kuniuliza. Nilisubiri waje, kwa miaka, kila alipoingia mtu aliyevaa shati safi.

Mkemia mmoja aliyekuja kutupa semina alinieleza baadaye, bila kujua kwa nini nauliza, kwamba rangi ya ujenzi haisafishwi kwa ajili ya mwili, inaweza kubaki na madini yaleyale yanayowapasua mafundi saruji mikono. Na kwamba ngozi inaweza kuvumilia kitu kwa miezi, kisha ikakikataa, na ikishakikataa haikisamehei tena. Wiki yangu moja ya kunawa haikuwa kipimo cha kitu chochote.

Ngozi ya Mama Domitila haikusamehe. Kila alipogusa sabuni, iwe yetu au ya dukani, mikono ilifunguka. Aliacha kazi. Huko Simbo hakuweza kushika jembe wala kumenya mihogo, akawa analishwa na wake wa wanawe, yeye aliyelea watoto sita peke yake. Nilikuwa nakwenda na dumu la mawese nimpake. Mara moja tu aliligusia jambo lile. Nilikuwa nimeshika kiganja chake, akasema, "Niliuliza swali moja nikanyamaza. Ningeuliza mara ya pili." Nikamwambia kosa si lake. "Oya," akasema, hapana. "Si langu lote. Lakini nina kipande changu." Alifariki kabla hamjaja ninyi. Ndiyo maana mnamjua kwa jina tu, lile lililochongwa kwenye mpini wa koleo la karakana.

Mtaniuliza kwa nini sikuacha kazi. Nilitaka. Lakini hakukuwa na mtu mwingine aliyejua kostiki, na wale wanawake wawili wapya wangejifunza kwa macho yao. Nikabaki. Tukarudi kwenye mwarobaini ya kahawia, ikauzwa kwa shida, inauzwa kwa shida mpaka sasa. Vipande viwili nikavifanya vitatu: cha dirishani, cha sandukuni, na cha kuoga, ambacho huogewa na watu wazima wanne waliokubali, wakiambiwa kilichomo, miezi mitatu, na ukaguzi wa mikono kila Jumatatu. Hiyo Jumatatu mliyokuwa mkiinung'unikia, "Bi Tausi na kucha zetu", asili yake ni hiyo.

Sasa mmejua. Sikuwaambia mapema kwa sababu niliogopa. Nilijisemea mkijua mtaacha kuniamini hata pale niliposema kweli, na mtu atamwaga maji kwenye kostiki ili kunionyesha. Hiyo ilikuwa sababu nzuri kwa nje. Ya ndani ni kwamba nilipenda mnavyoniamkia asubuhi.

Kwa hiyo msiniamini. Mzingifuri nimewaambia inakaa na haidhuru, mkaa haudhuru, udongo wa Simbo haudhuru. Nimeyaandika kwa mkono uleule uliompa Mama Riziki kipande cha pili. Anzeni upya na hizo zote, vipande vitatu vitatu, na Asha, mikono ya kwanza kukaguliwa Jumatatu iwe ya aliye na cheo.